Usomaji wa Biblia wa Kila Siku Unapokatika: Dalili, Visababishi na Namna ya Kurekebisha

Wanaoshindwa kudumu katika kusoma Biblia kila siku ni wengi, lakini malalamiko yao ni yale yale machache, na karibu kila mmoja huanza kwa kujilaumu kwamba imani yake imepoa. Kwa miaka niliyokaa katika vikundi vya usomaji nimeona kwamba lawama hiyo hutangulia uchunguzi: mtu anauhukumu moyo wake kabla hajaangalia anasoma saa ngapi, ameketi wapi, amejipangia sura ngapi na anatumia tafsiri ipi. Mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio ulio kinyume. Tunaanza na mzigo, saa na mahali, na moyo tunaufikia baadaye, kwa sababu mambo matatu ya kwanza hurekebishika kwa siku moja na ndiyo yanayowaangusha wengi.

Tafuta dalili inayofanana na yako, anza na kisababishi kilichotajwa kwanza, rekebisha jambo moja tu, na ulipe jambo hilo wiki mbili kabla ya kugusa la pili. Anayebadili saa, ratiba na tafsiri kwa mkupuo mmoja hatajua ni lipi lililomsaidia, na akikwama tena atakuwa hana pa kuanzia.

Dalili ya kwanza: “Naanza vizuri, kisha nakwama katika Mambo ya Walawi”

Biblia yangu ya zamani, ukiifunga na kuitazama ubavuni, inaonyesha ugonjwa huu waziwazi. Kurasa za Mwanzo na nusu ya kwanza ya Kutoka zimekuwa za kahawia kwa kushikwashikwa, kisha weupe unaanza ghafla, na baadhi ya kurasa za Hesabu zilikaa miaka zikiwa zimeshikana pale penye rangi ya dhahabu ya ukingoni. Utepe wake ulikuwa umelala katika Walawi 13, sura inayohusu ukoma. Nilianza upya mara tatu, na mara zote tatu nilisimama karibu na hapo.

Kisababishi kikubwa ni hesabu, wala si ukaidi. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189, kwa hiyo anayetaka kuimaliza kwa mwaka anahitaji sura tatu na zaidi kidogo kila siku. Mwanzo ina sura 50 na Kutoka ina sura 40, jumla 90. Aliyeanza tarehe 1 Januari anaingia Walawi mwishoni mwa mwezi huo huo, wakati ari ya mwaka mpya imeshapungua na mazoea bado hayajakomaa. Mbele yake kuna sura 27 za Walawi na 36 za Hesabu, yaani karibu siku ishirini ambazo masimulizi ni machache na maagizo ni mengi. Ukweli ni kwamba ugumu huanza kabla ya hapo, katika Kutoka 25, ambapo simulizi linasimama ili kupisha vipimo vya hema, na sehemu kubwa ya vipimo hivyo inarudiwa kuanzia sura ya 35.

Marekebisho mepesi ni kuacha kusoma kwa mstari mmoja ulionyooka. Weka alama mbili, moja katika Agano la Kale na nyingine katika Injili au Zaburi, na ugawe sehemu ya siku kati ya hizo mbili, ili siku ya maagizo mazito isikose neno jepesi la kushika.

Hilo lisipotosha, kisababishi cha pili ni kukosa ramani. Walawi husomeka vizuri zaidi ukijua kwamba sura 1 hadi 7 zinaeleza aina tano za sadaka, 8 hadi 10 zinahusu kuwekwa kwa makuhani, 11 hadi 15 zinahusu unajisi na utakaso, na ya 16 ni Siku ya Upatanisho, inayosimama katikati ya kitabu kama nguzo. Andika mgawanyo huo kwenye karatasi, uiweke ndani ya ukurasa. Kisha soma sehemu ngumu sambamba na mahali inapojitokeza tena. Walawi 12 inasema kwamba mama aliyejifungua, asipoweza kumpata mwana-kondoo, atoe ndege wawili. Fungua Luka 2:24, utawakuta Mariamu na Yusufu hekaluni na ndege wawili. Luka hasemi popote katika sura hiyo kwamba walikuwa maskini. Anayejua ni yule aliyepita Walawi. Vivyo hivyo, amri ya kumpenda jirani kama nafsi yako, ambayo wengi wanaihesabu kuwa ya Agano Jipya, imeandikwa katika Walawi 19:18. Nilipoyaona hayo mawili, sikukwama tena.

Kisababishi cha tatu, ambacho si cha kawaida sana, ni kwamba kitabu hicho kinamgusa msomaji mahali penye jeraha: sheria za damu, za ugonjwa wa ngozi au za ndoa humfanya ajione amekataliwa. Hapo usijilazimishe kusonga mbele peke yako. Mpelekee maswali yako mchungaji, padri au mwalimu wa Biblia unayemwamini, na wakati huo huo endelea kusoma mahali pengine.

Dalili ya pili: “Nimebaki nyuma ya ratiba na kila siku deni linaongezeka”

Hii ndiyo dalili inayoua usomaji wa watu wengi kuliko zote, nami naiona kuwa ya kusikitisha zaidi kwa sababu aliyenayo bado anataka kusoma. Amesafiri au ameugua siku tisa. Anarudi, anafungua ratiba yake, anakuta sura 29 zinamsubiri pamoja na tatu za leo. Anajaribu kulipa kwa usiku mmoja, anasoma kwa macho tu, anachoka, na kesho yake hafungui kabisa.

Kisababishi cha kwanza ni tarehe zilizoandikwa kwenye ratiba. Zifute. Badala ya “Machi 14” andika “Siku ya 73”, na ukikosa wiki nzima, siku utakayorudi itakuwa bado ni ya 73. Siku iliyokosekana hailipwi. Wanaotumia programu ya simu inayohesabu mfululizo wa siku bila kukatika wajiulize kwa unyofu kama hesabu hiyo inawasaidia au inawafanya wakate tamaa inaporudi kwenye sifuri; ikiwa ni hilo la pili, izimwe.

Kisababishi cha pili ni ratiba iliyo kubwa kuliko nafasi ya mtu. Ratiba maarufu ambayo mchungaji Robert Murray M’Cheyne aliwaandalia washarika wake wa Dundee, Uskoti, mwaka 1842 humpitisha msomaji katika Agano la Kale mara moja, na katika Agano Jipya na Zaburi mara mbili kwa mwaka, kwa takriban sura nne kila siku. Ni ratiba nzuri sana, lakini ninayemwona anaianza bila kuwa na mazoea ya hata sura moja huwa namshauri asubiri. Agano Jipya lina sura 260. Sura moja kwa siku, siku tano kwa wiki, hukamilika katika wiki 52 kamili, na kila wiki inabakiza siku mbili za kufidia au kupumzika. Zaburi ni 150, kwa hiyo tano kwa siku huisha kwa siku 30. Mithali ina sura 31, na inafuata vizuri tarehe za mwezi. Kumbuka pia kwamba sura si kipimo sawa: Zaburi 117 ina mistari 2, Zaburi 119 ina mistari 176, na Luka 1 peke yake ina mistari 80. Mwenye nafasi finyu ajipimie dakika badala ya sura, dakika kumi kwa mfano, na asimame zinapokwisha.

Kuna pia imani kwamba kukosa siku moja kumeharibu kila kitu, nayo haina msingi. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London (UCL), uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu waliokuwa wakijijengea mazoea mapya; muda wa tendo kufanyika lenyewe bila kujisukuma ulitofautiana sana, takriban siku 18 kwa wa haraka hadi makadirio ya siku 254, na kati yake ni siku 66. Kukosa siku moja hakukuathiri kwa kiasi kikubwa ukuaji wa mazoea hayo. Kwa hiyo anayejilaumu wiki ya tatu kwamba bado anajisukuma, ajue kuwa wiki tatu ni mapema.

Ikiwa maisha yenyewe yamebadilika, kama kupata mtoto mchanga, kumuuguza mtu au kuanza kazi ya zamu, usirekebishe ratiba ya zamani. Iweke kando na uchukue zaburi moja kwa siku mpaka mambo yatulie.

Dalili ya tatu: “Siku inaisha ndipo nakumbuka”

Mara nyingi kisababishi ni kwamba usomaji haujafungwa na tendo lolote. “Nitasoma asubuhi” haitoshi, kwa sababu asubuhi ni pana. Sema hivi: “Nikishamaliza kunawa uso, nitaketi kwenye kiti kile na kufungua Marko.” Kiandae kitabu usiku, kikiwa wazi kwenye ukurasa wa kesho, mahali ambapo huwezi kupita bila kukiona.

Kinachofuata ni simu. Umeichukua ili usome Isaya, ukakuta ujumbe tatu, na nusu saa imepita. Pakua tafsiri unayoitumia ili isomeke bila intaneti, zima data kabla ya kufungua, na ukishindwa mara mbili mfululizo, rudi kwenye kitabu cha karatasi. Hapa sina ushauri mwingine. Nimejaribu njia nyingi za katikati na sijaona iliyodumu.

Kwa asiye na nafasi ya kuketi kabisa, Biblia ya sauti ni usomaji halali. Kwa karne nyingi waamini walio wengi waliyapokea Maandiko kwa masikio, kwa kusomewa katika kusanyiko.

Dalili ya nne: “Nikifungua tu nasinzia”

Angalia kwanza kama unasomea kitandani usiku. Kama ndivyo, mwili unafanya kile ulichozoeshwa kufanya hapo. Hamia kwenye kiti, ongeza mwanga, soma kwa sauti ya kusikika, au simama. Pili, hesabu saa zako za kulala. Anayelala saa tano usiku akaamka alfajiri kusoma atasinzia hata kama anayasoma masimulizi ya Daudi, naye afadhali alale mapema na asome kifupi zaidi. Tatu, angalia macho. Kuanzia miaka 40 na kuendelea, watu wengi hupungukiwa uwezo wa kuona herufi ndogo kwa karibu, na uchovu wa macho hujificha ndani ya kile wanachokiita uvivu. Jaribu Biblia ya herufi kubwa.

*Simama umwone mtaalamu* ikiwa herufi zinachezacheza au kichwa kinauma kila usomapo: hiyo ni kazi ya daktari wa macho. Ikiwa unasinzia hata mchana ukiwa umelala vya kutosha, au wa nyumbani wanasema unakoroma na pumzi inakatika usingizini, nenda kwa daktari, na usiendeshe gari ukiwa katika hali hiyo.

Dalili ya tano: “Nasoma, lakini nikifunga kitabu sikumbuki kitu”

Kisababishi cha kawaida ni kusoma kwa lengo la kumaliza. Jicho linapita, tiki inawekwa, na hakuna lililoulizwa. Ili kuhakikisha, funga kitabu na useme kwa sauti, kwa sentensi mbili, kilichotokea katika ulichosoma. Ukishindwa, punguza sehemu hadi nusu na uisome mara mbili.

Chukua Marko 10:46-52, habari ya Bartimayo kipofu, mistari saba tu. Katika usomaji wa kwanza utapata hadithi: alipaza sauti, akakemewa, akazidi kupaza, akaponywa. Katika usomaji wa pili tafuta neno ambalo lingeachwa na hadithi isipungue. Utakuta kwamba alipoitwa alitupa vazi lake. Mathayo na Luka wana habari kama hiyo lakini hawalitaji vazi. Kwa nini Marko alitaje? Mwombaji aliyeketi kando ya njia ana mali gani nyingine, na kipofu akishalitupa katikati ya umati atalipataje tena? Kisha tazama swali ambalo Yesu anamuuliza katika mstari wa 51, kwamba anataka afanyiwe nini, halafu panda hadi mstari wa 36: ni swali lile lile alilowauliza Yakobo na Yohana, nao waliomba viti vya heshima. Kipofu aliomba kuona. Aliyesoma hivyo hatasahau sura hiyo jioni, na ametumia dakika zile zile ambazo angezitumia kukimbiza sura mbili.

Kisababishi cha pili ni lugha. Tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952 ina uzuri wake, nami ndiyo ninayoipenda, lakini ina maneno ambayo msomaji wa leo hakutani nayo kwingine: marago kwa maana ya kambi, naivera kwa vazi la kuhani, chuo kwa maana ya kitabu. Maneno matano ya namna hiyo katika ukurasa mmoja yanatosha kumchosha mtu. Soma sura hiyo kwanza katika Habari Njema au tafsiri nyingine ya Kiswahili cha sasa, kisha urudi kwenye ile uliyoizoea.

La tatu ni mipaka ya sura. Mgawanyo wa sura tulio nao huhusishwa na Stephen Langton, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 13, na mistari ya Agano Jipya iliwekwa na mchapishaji Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551. Waandishi wenyewe hawakuijua. Wimbo wa Mtumishi anayeteseka unaanza Isaya 52:13, kwa hiyo anayefungua sura ya 53 peke yake ameingia katikati ya maneno. Ukiona sura haieleweki, rudi nyuma mistari kumi.

La nne, hasa kwa manabii, ni kutojua wakati. Yeremia hakupangwa kwa mfuatano wa miaka, na anayemsoma akidhani amepangwa hivyo atapotea. Hagai ana sura 2 tu, lakini hufunguka ukimsoma pamoja na Ezra 5, anakotajwa kwa jina. Baada ya hayo yote, kama bado huelewi, tafuta mtu. Yule towashi Mwethiopia katika Matendo 8, akiwa na gombo la Isaya mkononi, aliulizwa kama anaelewa anachosoma, akajibu: “Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?” Ndivyo Filipo alivyopanda garini.

Dalili ya sita: “Sithubutu kuacha, naogopa”

Dalili hii haionekani kirahisi kwa sababu kwa nje ni bidii. Mtu hakosi siku, lakini anasoma kwa woga. Kisababishi cha kawaida ni mafundisho aliyoyapokea kwamba siku isiyo na usomaji itapata ajali au laana. Pumzika kwa makusudi siku moja kwa wiki, ukimweleza mapema rafiki unayemwamini, na uzungumze na kiongozi wako wa kiroho juu ya hofu hiyo.

*Simama hapa, usiongeze nidhamu yoyote*, ikiwa unalazimika kurudia mstari ule ule mpaka “ukae sawa”, ikiwa neno ulilolitamka vibaya linakufanya uanze sura upya, ikiwa unaungama jambo moja mara nyingi bila kupata amani, au ikiwa usomaji unakula saa nyingi huku ukitamani kuacha. Huenda huo ni ugonjwa wa mawazo na matendo ya kujirudia uliovaa vazi la dini. Ugonjwa huo una tiba ya mazungumzo na una dawa, na mtaalamu wa afya ya akili ndiye wa kumwona. Kusoma zaidi huulisha. Vilevile mtu anayekesha siku kadhaa bila kuhitaji usingizi, akiona kila mstari umeficha ujumbe wa siri unaomhusu yeye peke yake, apelekwe hospitali bila kuchelewa, na wa nyumbani wasingoje aombe mwenyewe.

Dalili ya saba: “Nasoma na kuelewa, lakini moyo ni mkavu”

Kabla ya yote angalia kama umekaa sana katika aina moja ya maandiko. Miezi mitatu ya nyaraka humchosha mtu anayehitaji simulizi. Badili. Kisha angalia kama unasoma ili kufundisha wengine tu, jambo linalowapata wahubiri na walimu wa shule ya Jumapili: tenga sehemu moja ambayo hutaifundisha kamwe. Tatu, angalia kama kuna jambo ulilolisoma likakuelekeza kutenda, nawe ukalipita. Yakobo 1:23-24 inamfananisha msomaji wa namna hiyo na anayejitazama katika kioo kisha akaenda zake akasahau alivyo. Deni kwa jirani au neno la msamaha lililokwama huweza kuukausha usomaji wa mwaka mzima.

Lakini ukavu wa Biblia ukienda pamoja na ukavu wa kila kitu, yaani chakula, kazi, watoto na marafiki vyote vimepoteza ladha, usingizi umevurugika, na hali hiyo imedumu wiki mbili au zaidi karibu kila siku, *simama umwone daktari*, kwa maana hizo ni dalili za sonona. Mwenye mawazo ya kujiua asibaki peke yake hata saa moja. Amwambie mtu aliye karibu na afikishwe hospitali. Katika 1 Wafalme 19 Eliya aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Malaika hakumpa somo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha, akampa tena, na mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, mlimani Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini.

Wakati wa matibabu, weka kando ratiba zote. Zaburi 88 inafaa, kwa kuwa inaishia gizani bila kujilazimisha kuwa na furaha, na Zaburi 13 ina mistari sita tu. Moja kwa siku inatosha, na siku ambayo hata hiyo ni nzito, mwombe mtu aketi kando yako akusomee.